Joash Obonyo, Fundi Aliyeziba Midomo ya Mashine

Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, Bwana Joash Obonyo atarudisha funguo za karakana ya vifaa tiba na kustaafu, baada ya kuihudumia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitano. Wapo wauguzi waliozaliwa hapa hapa yeye akiwa tayari kazini, na siku hizi ndio wanaompigia simu pampu ikigoma.

Alifika Eldoret mwaka wa 1990 kutoka Siaya, akiwa na cheti cha ufundi na koti moja jembamba. Baridi ya huku ilimfunza adabu mapema. Yeye na mkewe, Mama Seline, walipanga nyumba Kimumu, kisha wakajenga huko huko. Kinandi chake, lugha ya wenyeji wa huku, kinamtosha kununua maziwa na kutaniana na anayeyauza.

Enzi hizo mashine hazikuwa na mambo mengi: moja ikifa, aliifungua, ikafufuka. Mashine ya kufyonza damu ya chumba cha upasuaji aliwahi kuifunga mkanda wa cherehani alionunua soko la Ziwa, na mkanda huo ukadumu kuliko wa kiwandani.

Mashine zilipozidi kuunganishwa kwa mtandao, Joash akageuka kero. Sisi tuna desturi yetu: neno la siri la mashine huandikwa kwenye plasta, na plasta hubandikwa kwenye mashine hiyo hiyo ili wa zamu ijayo asisumbuke. Mwaka wa 2016 alibandua plasta arobaini na moja kwa mwezi mmoja. Tulipoamriwa kuchagua maneno mapya, wodi ya akina mama ikachagua jina lake likifuatwa na moja, mbili, tatu. Yeye hakucheka. Tulicheka kwa niaba yake.

Mwaka wa 2019 aligundua kwamba waliotuuzia pampu za dripu walikuwa wameacha njia ya kuzihudumia wakiwa mbali. Aliuliza ni nani mwingine anayeweza kupitia njia hiyo. Hakuna aliyejua. Akazichomoa zote thelathini kwenye mtandao, wauguzi wakarudi kuzipangia vipimo kwa mkono, naye akapewa barua ya onyo. Mkaguzi alipokuja, alibadilisha kipimo cha dawa kwenye pampu moja iliyorudishwa mtandaoni kwa majaribio, akiwa ameketi ndani ya gari lake, nje ya geti. Barua ile iliondolewa kwenye faili kimyakimya.

Wengi humdhania mwoga wa mitambo mipya. La hasha. Yeye ndiye aliyetuletea. Novemba 2007 aliunganisha mashine za mapigo ya moyo za vitanda vinane vya wagonjwa mahututi. Kisha, kwa wazo lake mwenyewe, akatundika skrini ukumbini ili jamaa wasioruhusiwa kuingia waone jina la mgonjwa wao na moyo wake unavyopiga. Watu waliipenda sana. Mama mmoja wa Kiplombe alimletea kuku.

Wiki ya kwanza ya Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi, mji uliwaka moto na wodi ikajaa majeruhi. Siku hizo jina la mtu lilitosha kumwua. Kwenye skrini kulikuwa na majina manane, na mawili kati yake, Njambi na Warigia, yalikuwa ya jamii iliyokuwa ikisakwa. Joash aliwakuta vijana watatu wasio na mgonjwa wamesimama ukumbini wakisoma. Mmoja alikuwa amenyoosha kidole.

Alichomoa waya, akawaambia, “Pole, stima imeichoma.” Lakini alijua majina yale yale yalisomeka kwenye kompyuta yoyote ya jengo hili, kwa kuwa hakuwa ameweka neno la siri lolote. Mchana huo aliyafuta yote akaweka namba, tena akazichanganya zisifuate vitanda. Majina yalibaki kwenye daftari moja, mfukoni mwa Sista Bridgit Shitanda, mkuu wa wodi, ambaye ilimbidi alifungue kabla ya kila dawa.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa karani wa mlangoni pa wodi hiyo, na kompyuta yangu ilifungiwa majina pia. Nilijua sababu, au nilidhani naijua: naitwa Chepkirui, jina la jamii ya hao waliokuwa wakisaka. Nikamuuliza mbele ya watu, “Kwa hivyo ni mimi adui sasa?”

Akajibu, “Sijafunga wewe, Chepkirui. Nimefunga mashine. Hii kitu iko na mdomo.”

Nilimnunia wiki mbili.

Asubuhi iliyofuata jibu lake hilo, mtoto wa mama yangu mdogo alisimama mbele ya meza yangu na wenzake wawili. Tumelelewa boma moja. Akaniuliza, “Hao wawili wako kwa kitanda gani?” Nikamgeuzia kompyuta ajionee. Namba tupu. Nikamwambia sijui, na haukuwa uongo. Alinitazama, akatazama namba, akaondoka. Njambi na Warigia waliondoka hapa Februari, chini ya ulinzi, wakiwa hai.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba ningenyamaza hata kama ningejua. Labda. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na yule alikuwa damu yangu. Kusema kweli, sijui ningejibu nini.

Bwana Joash, zile wiki mbili sijawahi kukuomba radhi. Naomba leo, mbele ya wafanyakazi wote. Hukunishuku, uliniepusha na uamuzi ambao huenda ungenishinda. Hospitali nzima inakushukuru, nami zaidi ya wote. Wewe na Mama Seline, Mungu awajalie miaka mingi, afya njema na usingizi mtulivu.