Uvimbe Kwenye Mizizi ya Maharage

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa kumi na moja alfajiri, mke wangu alifariki kwa uvimbe wa tumbo. Aliacha maharage nyuma ya nyumba. Jana niling'oa shina moja, nikakuta mizizi imejaa uvimbe mdogomdogo. Sikulala. Asubuhi nikalipeleka kijiweni, kwenye benchi la muuza kahawa, nikawaonyesha wenzangu: Kinyozi, Fundi Saa na yule tunayemwita Redio.

— Nataka kuyang'oa yote niyachome, nikasema. Lakini ndicho kitu cha mwisho alichopanda.

Fundi Saa akaligeuzageuza lile shina.

— Shemeji alipokuwa anaumwa ulikuwa unamwogesha. Yale maji ulimwaga wapi?

— Hapohapo kwenye maharage.

— Basi umemwagilia ugonjwa, kaka.

— Acheni, akasema Redio. Hao ni bakteria. Jua likiwaka wanajifunika ute, wanalala. Udongo ukilowa wanaamka, wanahamia kwenye mizizi. Hizo ndizo nyumba zao.

— Bakteria si ndio ugonjwa wenyewe? akauliza Fundi Saa.

— Hawa wanaupa mharage mbolea ya hewani, nao unawalipa sukari.

— Mbolea ya hewani, akacheka Kinyozi. Mimi navuta hewa tangu nizaliwe, mbona sioti majani?

— Kichwani pako hapaoti hata nywele, akajibu Redio.

— Mimi nasema wametoka hospitali, akaendelea Kinyozi, wamefuata harufu ya dawa. Kesho wako kwenye ukuta, keshokutwa kwenye godoro la huyu mzee wetu.

— Na kwenye kahawa, akasema Fundi Saa, akaweka kikombe chini.

Kichwa kilinizunguka. Kila mmoja alisema jambo, na kila jambo nililiamini mpaka lilipofuata jingine. Nikainuka kwenda kuchoma.

Mama muuza mboga alikuwa amesimama anasubiri kahawa yake.

— Baba, hayo maharage yamenyauka?

— Hapana. Ya jirani yamekauka kwa jua. Haya ni ya kijani, yameshaanza kutoa maganda.

— Sasa anayeumwa ni nani?

Fundi Saa akamtazama Redio, Redio akatazama mizizi.

Nilirudi nyumbani, nikalifukia lile shina palepale nilipoling'oa. Mengine sikuyagusa. Mpaka sasa sijaelewa ni nini kinaishi mle chini.

Ee Mungu, Wewe unayeviona vilivyo ardhini, mpokee mke wangu. Mwondolee maumivu aliyokwenda nayo, umpumzishe kwako. Amina.