Mgeni Kiunoni mwa Gaspari

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Singida, ubavuni mwa duka la mitumba la Abdulmajidi: benchi moja refu na birika la kahawa juu ya mkaa. Tangu mambo yawe ruksa, kila mwezi mjini kunafunguliwa kitu, mara banda la video, mara zahanati ya mtu binafsi. Mwaka ule akaja daktari wa Kichina, akapanga chumba karibu na soko la vitunguu. Hatukuwa na haja naye mpaka Gaspari, fundi baiskeli wetu, aliporudi kutoka India na figo ya dada yake Severina. Dada akarejea kwake Ihanja, Gaspari akarudi benchini. Tunampenda Gaspari, na upuuzi wote ninaousimulia hapa tuliufanya kwa mapenzi.

Alikwenda kwa Mchina kwa sababu usingizi ulimkataa. Akapimwa mapigo kwa vidole vitatu, akaambiwa atoe ulimi, akaulizwa kama anameza vidonge vya hospitali. Mchina akamkanya asiviache hata siku moja. Dawa zake za majani akakataa kumpa, akisema zinautia mwili nguvu, na mwili ukipata nguvu unaweza kumfukuza mgeni.

— Mgeni gani? akauliza Mizani, muuza vitunguu.

— Figo. Ndivyo alivyoiita. Niipe joto, nisinywe vya baridi, nilale mapema. Na nisiwe na hofu, maana kwao hofu inakaa kwenye figo.

Hapo ndipo tulipoharibu. Alute, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akaweka kikombe chini.

— Basi hofu hiyo si yako. Radi inayokurusha benchini siku hizi, umeanza lini kuiogopa?

— Tangu nirudi.

— Na dada yako?

— Toka utotoni. Ikipiga anaingia uvunguni.

Gaspari akajishika kiunoni. Mizani naye akaona ametupwa nyuma, akasema figo iliyozoea kuteka maji kisimani itadumaa mbele ya baiskeli, kwa hiyo Gaspari awe anateka ndoo moja kila asubuhi. Tukaafiki. Ndipo Mzee Abdulhamidi, ambaye kwa umri wake hatumbishii, akakohoa.

— Mwanangu, mgeni akiwaona watu wa kwao anaanza kufunga mizigo. Severina usimwendee kwanza, mpaka figo izoee.

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Miezi mitatu Gaspari hakukanyaga Ihanja. Dada akituma salamu kwa kondakta wa basi, anajibiwa kazi zimembana. Ndoo aliteka, usingizi haukuja.

Alhamisi moja Severina akashuka kwenye basi, jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Akampa Mzee shikamoo, akatusalimia na sisi. Gaspari akasimama nusu, mkono kiunoni, kama anayeficha kitu.

— Dada, usisogee sana.

— Kwa nini?

Gaspari akamgeukia Redio. Ikabidi Redio aeleze yote: mgeni, hofu, radi, mizigo. Alianza kwa sauti yake ya kila siku, akamaliza kwa kunong'ona. Severina alisikiliza mpaka mwisho, akamhamishia jogoo kwapa la pili. Angekasirika ingekuwa nafuu kwetu.

— Sawa, akasema, akijigusa kiunoni. Na hii niliyobaki nayo peke yake, mlipanga iwe inatembelewa na nani?

Redio akalitazama birika. Mizani akaanza kuchambua kitunguu kisichohitaji kuchambuliwa. Mzee Abdulhamidi akavua kofia, akaiweka gotini, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee kweli. Abdulmajidi akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Gaspari alikuwa analia, na hakujificha. Akanisukuma nisogee, akampokea dada yake jogoo, akamkalisha upande wake wenye kovu la figo.