Vijodari vya Kwenye Ndoo

Benchi letu lipo nyuma ya soko la samaki, ubavuni mwa mashine ya barafu inayonguruma mpaka tumezoea kusemezana kwa kelele. Jana Nahodha alitoka kwenye mkutano wa ofisi ya uvuvi, akasukuma ndoo yake ya kitoweo chini ya benchi, akaifunika gunia, akakaa. Mizani, anayepima samaki sokoni, akampa kahawa.

— Wanataka kufunga uvuvi wa jodari miezi sita, akasema Nahodha. — Mabaharia wangu watakula nini?

— Kisa? akauliza Mizani.

— Karatasi zetu wenyewe. Kila samaki tuliyeandika urefu wake, yule mama wa ofisi ya uvuvi kampanga kwenye mchoro. Bahari nzima, jamani, ukutani. Kwa urefu tu anakwambia huyu ana umri gani. Nimevua tangu sijaota ndevu, sijawahi kuiona bahari hivyo.

— Mchoro unasemaje? nikauliza.

— Wakubwa tele, wadogo hamna. Anasema jodari hawazai tena.

Hata mimi, mbishi wa kuzaliwa, nilikubali. Mama yule hajalowa hata kisigino, anajua chini ya bahari kukoje.

— Wadogo wameshaijua sauti ya injini, akasema Mizani. — Wakiisikia tu, wanazama.

— Wazame wapi? akadakia Msumeno, seremala wetu asiyekubali kushindwa. — Wamehama. Mama zao wamewapeleka maji ya mbali, wasome hali kwanza.

— Basi na shule wanayo, akacheka Mizani.

— Wewe cheka. Mimi naona siku hizi wanazaliwa wakubwa.

Nahodha hakucheka. Ndipo akaja fundi cherehani aliyehamia kibanda cha jirani wiki hii, futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaomba nafasi. Mguu wake ukagonga ndoo, gunia likadondoka. Ndani vijodari vitupu, hakuna kinachozidi urefu wa mkono mpaka kiwiko.

— Hivi vya nani? akauliza fundi.

— Vya mboga, akajibu Nahodha. — Kila baharia hupewa vyake. Ndivyo tulivyokuta.

— Mashua zote?

— Zote.

— Na vinaandikwa wapi?

— Haviandikwi, akasema Mizani. — Ninaopima mimi ni wa kuuza tu.

Nikazifikiria mashua zote, ndoo zote, miaka yote hiyo. Vilikuwa vinapita hapa chini ya miguu yetu, na mama wa watu akaliona pengo lao kule ukutani.

Nahodha akaivuta ndoo katikati ya magoti.

— Fundi, akasema, — hiyo futi niazime.