Chumvi Katika Kitalu cha Concy

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu, Concy, lilikuwa kunawa mikono juu ya kitalu chake cha nyanya, maji yasipotee bure. Kisha alikwenda soko la Bukoto, na watu wa gari lisilo na namba wakamchukua. Wiki zikapita. Chini ya utawala ule wa wanajeshi, kumlilia mtu aliyechukuliwa kulikuwa kosa. Kwa hiyo kwenye benchi la Faruk muuza kahawa, kando ya kitalu hicho, tulizungumza juu ya nyanya. Zilikuwa zinakufa. Walikuwapo Wanjala, fundi wa sigiri, majiko ya makaa, kutoka Katwe, tuliyemwita Jivu, na Saverio, polisi mstaafu wa Naguru, tuliyemwita Sajini. Mimi nilisomea udongo chuo kikuu. Wao waliniita Daktari.

— Hii udongo ina njaa, alisema Jivu.

— Njaa gani, ssebo? Sajini akamkatiza. Ni moshi ya magari ya jeshi. Nyanya inavuta pumzi kama sisi.

— Nyinyi hamjui kitu, Faruk akasema. Nyanya inasikia redio. Kila jioni ikisikia habari, inakunja majani.

— Faruk! Punguza sauti.

— Basi kunyweni. Sukari hakuna.

Niliinama. Kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama zimeguswa na pasi ya moto. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe.

— Mbolea imezidi, nikasema. Chumvi yake inavuta maji kutoka mizizini. Nani ametia?

Jivu akakohoa.

— Mimi naleta jivu kidogo, Daktari. Kila siku nikitoka kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mimi mavi ya kuku, alisema Sajini.

— Mabichi?

— Ya leo leo! Kwani mgonjwa anapewa uji ya jana?

Faruk aliliangalia birika lake.

— Ndugu yangu wa shamba la miwa alinipa mbolea ya chumvichumvi. Naweka kikombe, kila nikitoka msikitini.

— Na hamkuniambia?

— Tungesema nini, Daktari? akauliza Jivu. Pole imekatazwa.

— Penye wengi hapaharibiki neno, Sajini akasema.

— Hapa imeharibika, Sajini.

Ndipo akaja Nashon, mpangaji mpya kutoka Kisumu, kutafuta kahawa. Akakitazama kitalu.

— Mama mwenye bustani yuko wapi? Si mumwulize yeye?

Jivu aliangalia viatu vyake. Faruk aliendelea kumimina hata kikombe kikafurika. Sajini alikuwa ameniahidi kuulizia kwa wenzake wa zamani kule Naguru. Sasa alinitazama, akavua kofia, akaiweka magotini.

Nikaelewa.

Asubuhi yake niliteka maji, debe baada ya debe, nikayamwaga polepole kitaluni ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Nikanawa mikono juu ya nyanya zake. Kisha nikawasha moto wa matanga mbele ya mlango, mahali ambapo kila mpita njia angeuona.