Mama Euphrasie na Shina la Ndizi

Sisi watoto wa mzee Tambwe, pamoja na jamaa ya marehemu Ismaël Kasimu, tumekusanyika kumsindikiza dada yetu na mama yetu, Euphrasie Tambwe. Kazi ya kusoma maisha yake nimepewa mimi, Florentin, mdogo wake, kwa kuwa katika ukoo huu sauti nzuri ni moja tu, na wote mnaijua. Karatasi hii ilichelewa kuchapwa kwa sababu ya jina moja: Arsène, kitinda mimba wake, aliyechukuliwa na watu wa bunduki mwaka 2002 na hakurudi. Wengine walitaka aandikwe kati ya waliomtangulia mama yake. Wengine walisema mama mwenyewe hakukubali jambo hilo hata siku moja, sasa nani atalikubali kwa niaba yake? Tuligombana mbele ya jeneza, bila haya. Nitafika huko.

Mama Euphrasie alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1947, kijijini karibu na Tunda, upande wa Kibombo, mtoto wa kwanza wa mzee Tambwe na mama Adèle. Alizaliwa ndani ya pamba. Wakati ule serikali ya kikoloni ilimpimia kila mwanaume shamba la pamba, apende asipende, na baada ya mavuno ilikuwa sheria kung'oa kila mti na kuuchoma moto ili wadudu wasibaki. Marehemu alikaa na mama mbele ya nyumba wakichambua, nyeupe kwenye kikapu hiki, yenye madoa kwenye kile. Mimi nilikuwa wa miaka mitatu, nikajichimbia katika ile nyeupe na kulala. Hata gavana hakuwa na godoro kama langu. Siku moja yaya, yaani huyu dada yangu, alijitwisha kikapu kwenda soko la pamba, na njiani kikapu kikapiga chafya. Akakitua, akanitazama. "Kumbe njo wewe! Na miye nilikuwa nafurahi, nasema pamba ya mwaka huu iko na uzito." Hakunirudisha. Alinibeba hadi sokoni, akaninyima mhogo njia nzima.

Mwaka 1958 baba yetu aliugua homa kali, na mashina ya pamba yakabaki shambani baada ya siku iliyowekwa. Askari walikuja kumfunga. Aliporudi, mama alimwosha mgongo uliochanwa na viboko kwa maji ya chumvi, na sisi watoto tukafukuzwa nje. Marehemu hakutoka. Aliona kila kitu. Tangu siku ile alisema akikua hatagusa tena pamba, hata ya kusafishia sikio.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka huo huo, maana baba hakuweza tena kuinua jembe vizuri. Alijua kusoma, na barua zake zilieleweka. Mimi nilifika darasa la sita, na darasa la sita linanikumbuka hadi leo.

Mwaka 1967 aliolewa na Ismaël Kasimu, mfanyakazi wa reli, wakahamia hapa Kindu, komini ya Kasuku. Yeye alienda misa, bwana alienda msikiti, sufuria ilikuwa moja. Walizaa watoto watatu: Clémentine, Rémy na Arsène. Marehemu aliuza sokoni samaki wa kukaushwa kutoka Lokandu, na mteja aliyenusa samaki mara mbili aliambiwa, "Papa, unanunua ao unakula na pua?" Shemeji Ismaël alifariki mwaka 1994, na samaki wale wakabaki baba na mama wa watoto.

Kisha vita. Mwaka 2002 mji huu ulifungwa pande zote. Treni hazikuja. Aliyetoka kwenda shambani kutafuta mhogo na sombe, majani yake, aliaga kama anayesafiri mbali, na wengi hawakurudi. Watoto walivimba miguu kwa njaa. Tulizika kila siku, na madukani haikupatikana hata pamba ya kuziba pua za maiti.

Nyuma ya nyumba ya marehemu, karibu na choo, mti wa pamba ulikuwa umejiotea. Alikwisha kushika panga aukate. Ndipo jirani yake Élisabeth alipoingia kuomba kitambaa kikuukuu cha kuchana, kwa kuwa mtoto wake Divine alikuwa amekufa asubuhi ile. Marehemu aliweka panga chini, akachuma, akatoa mbegu kwa vidole, akampa Élisabeth pamba safi. Mbegu akazipanda kando ya ukuta. Miti ile hakuing'oa wala hakuichoma. Aliiacha ikue ilivyotaka, mirefu kumpita yeye. Wakristo walikuja, Waislamu walikuja, wote walichumiwa, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Mikono iliyokataa pamba tangu utoto ilihudumia maiti za mtaa mzima.

Mwezi wa tisa wa mwaka huo, Arsène na rafiki yake Mike walitoka kutafuta mhogo upande wa barabara ya Kibombo. Watu wa bunduki waliwakamata wawabebee mizigo. Baada ya majuma kadhaa Mike alitoroka, akarudi mifupa mitupu. "Mama, nilimuacha Arsène muzima," alisema. "Alikuwa mbele, na gunia ku kichwa." Maneno hayo ndiyo marehemu aliyoishi nayo.

Vita ilipopoa, mwaka 2003, wazee waliamua tumlilie Arsène kwa desturi: mtu asiyeonekana huzikwa shina la ndizi mahali pake, ili roho yake isitangetange na nyumba ipate kupumua. Shemeji Djamali, mdogo wake Ismaël, alikata shina, likalazwa kwenye mkeka uani, likafunikwa shuka. Ilibaki pamba tu.

"Shemeji, tuchumie pamba kidogo, tumuzike mutoto wetu," Djamali alisema.

"Mutoto gani?"

"Arsène."

"Munionyeshe."

Djamali akafunua shuka. Marehemu aliinama, akatazama kwa makini.

"Papa Djamali, mimba ya ndizi nilibeba mwaka gani?"

Watu walicheka, msibani, na padri mmoja akageuka ukutani. Lakini marehemu hakucheka. Alichukua panga, akalikatakata shina lile vipande vipande, akawatupia mbuzi wa jirani. Kisha akaingia ndani. Wamama wakakunja mikeka yao. Tangu siku hiyo, mtu aliyesema "marehemu Arsène" katika nyumba hiyo alionyeshwa barabara.

Aliendelea kungoja. Paa lilivuja, hakuhama. Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kukatika. Daktari alisema ni moyo, aende kutibiwa kwenye mji wenye vyombo. Rémy, anayeishi Kisangani, alimwandalia chumba na kumkatia tiketi ya ndege.

"Kisangani Arsène hapajue," alimjibu. "Akifika hapa atakuta nani? Bibi ya Djamali?"

Rémy alilia kwenye simu. Marehemu akamwambia apanguse pua, akakata. Hakwenda. Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa nane 2025, asubuhi, mikononi mwa Clémentine. Tusidanganyane: kungoja ndiko kulikomuua.

Jana Jumapili, mchana, nilikaa kuandika ukurasa wa mwisho. Clémentine, aliyemwogesha mama yake na kumlisha miaka yote hii, alisimama mbele yangu.

"Mujomba, andika marehemu Arsène. Miye nimechoka. Kila imbwa ikibweka, njo miye nilikuwa natumwa kufungua mulango."

Rémy akasema mama atakasirika. Djamali alitazama chini. Mimi niliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Kalamu iko hapa," nilimwambia Clémentine. "Lakini anza kumwambia mama yako. Yuko pale."

Alienda, akaketi karibu na jeneza. Hatukusikia alilosema. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mujomba, unaandika na miaka ya kila mutu?"

"Ndiyo."

"Basi Arsène, andika makumi ine na tatu."

Mama Euphrasie ameacha watoto watatu: Clémentine, miaka 57, wa Kindu, Rémy, miaka 52, wa Kisangani, na Arsène, miaka 43. Ameacha wajukuu saba, shemeji yake Djamali, na mimi mdogo wake. Apumzike kwa amani. Amengoja vya kutosha.