Kura ya Kiti cha Kumi: Maisha ya Vlasta Sedlacek

Marehemu Vlasta Sedlacek alizaliwa tarehe 11 Machi 1947 katika shamba la wazazi wake karibu na Wilber, Nebraska, mtoto wa pili wa mzee Emil Kubicek na mkewe Bozena. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1965. Kuandika kwa mashine hakuna aliyemfikia.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Norbert Sedlacek, fundi umeme. Walijaliwa binti mmoja, Marlys.

Oktoba 1978 aliitwa kortini, awe mmoja wa jopo la raia kumi na wawili wa kuamua kesi. Kijana Delmar Fitch, miaka ishirini na minne, alishtakiwa kwa kuchoma ghala la mahindi. Shahidi alikuwa mmoja, naye alimwona mtu kwa mbali, jua likizama. Siku ya kuamua ilikuwa Ijumaa, mahindi yao mashambani hayajavunwa na mawingu yametanda. Kiongozi wa jopo akasema, "Jamani, tusikeshe hapa. Anayeona ana hatia anyooshe mkono, tuanzie kwangu." Vlasta alikaa kiti cha kumi. Tisa walinyoosha, naye akanyoosha. Delmar alifungwa miaka minne.

Mwaka 1983 aliajiriwa chuo kikuu, ofisi ya wanasaikolojia waliochunguza jinsi majopo yanavyoamua. Watu waliitwa kutoka mitaani, wakaonyeshwa filamu ya kesi, kisha wakajadiliana huku Vlasta akiwa nyuma ya kioo, akiandika nani kasema kwanza, nani kabadili kauli, na baada ya nani. Kabla hawajafungua mdomo, kila mmoja aliandika kura yake kwa siri. Siku moja Profesa Timmons alitaka kufupisha.

"Bibi Vlasta, wanyooshe mikono tu. Dakika mbili tumemaliza."

"Mikono ina macho, Profesa. Karatasi haina."

"Haya, bibi karatasi, umeshinda!"

Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na madaftari yake hayakuwahi kukosa tarehe. Alipoulizwa kwa nini aliipenda, alitoa kolache, maandazi yenye jamu ya plamu, na kubadili mazungumzo.

Mwaka 1991 mkulima mmoja kwenye jopo la majaribio alicheka, akasema, "Mshtakiwa wa filamu huyu! Tumfunge twende tukale." Wenzake watatu wakabadili kura papo hapo. Vlasta aliandika neno kwa neno, akarudi nyumbani akilia.

"Mke wangu, filamu tu hiyo," Norbert alimwambia.

"Yangu haikuwa filamu, Norbert."

Ndipo alipomweleza. Norbert alimsihi aende kwa Delmar. Hakwenda. Norbert alifariki mwaka 2012, na bado hakwenda.

Februari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Mei dada yake Georgine alimpeleka kwa gari hadi kwa Delmar, wakamkuta uani akitengeneza mashine ya kukatia nyasi. Vlasta akamwambia kwamba alikuwa kwenye jopo lililomfunga.

"Ulikaa kiti gani?" Delmar aliuliza.

"Cha kumi."

"Na uliamini nilichoma?"

"Sikuwa na hakika."

"Mbona mkono ulipanda?"

"Tisa ilikuwa imeshapanda."

Delmar alifuta mikono kwa kitambaa. "Mama yangu alikufa nikiwa ndani, bibi. Usitegemee nikwambie yameisha."

"Sikuja kuambiwa hivyo."

"Basi sema mahali watu wanaposikia. Humu uani nakusikia mimi tu, na mimi najua."

Vlasta aliiandikia mahakama. Ikajibu kwamba yaliyosemwa ndani ya chumba cha jopo hayawezi kufungua kesi upya. Hapo akamwita Georgine, akaagiza maneno haya yachapwe kwenye ratiba ya mazishi na yasomwe bila kuruka mstari, kwa kuwa wilaya nzima ingekuwapo:

"Kesi ya Delmar Fitch, mwaka 1978. Sikuwa na hakika. Kura yangu ilipaswa kuwa: hana hatia. Niliogopa kuwachelewesha watu, nikamfunga mtu. Vlasta Sedlacek."

Alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha binti yake Marlys, mkwe wake Dwight, wajukuu wawili na dada yake Georgine. Bwana Delmar Fitch yupo nasi leo, safu ya nyuma. Hajasema amesamehe, na familia haimwombi aseme. Amekuja kusikia kura ya Vlasta ikisomwa, na sasa imesomwa.

Mungu ampokee Vlasta, ampe pumziko.