Hakuwa Mwizi wa Sukari

Mwanangu, mliyemwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1984 chumba cha nyuma, mvua ikipiga bati. Ni kitinda mimba wangu. Nimekataa mtu mwingine asimwandikie wasifu huu wa mazishi. Mwandiko mbaya ni wangu, na maneno ni yangu.

Shule aliishia darasa la saba, mwaka 1998. Hakufukuzwa. Mikono yake tu haikutulia: alichana mto wangu aone umejazwa nini, akaushona tena, usione alipopitisha uzi.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Mwaka 2007 akafungua karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta. Yale makochi ya kijani mnayokalia pale mapokezi hospitalini ni kazi yake.

Alioa tarehe 4 Desemba 2010. Siku ya kuposa aliinama kuchungulia chini ya kochi la wakwe. Baba mkwe akamuuliza, "Umekuja kuoa au kukagua?" Akajibu, "Vyote, baba. Springi imekatika."

Februari mwaka jana alianza kuona kiu, mkojo usioisha, na mwili ukapukutika. Daktari wa hospitali hiyohiyo ya makochi akatazama umri, akasema kisukari cha watu wazima, akampa vidonge. Sukari ikagoma kushuka. Akamwambia mbele ya watu, "Bwana mkubwa, soda unazokunywa kwa siri zitakuua."

"Daktari, hata chai siweki sukari."

"Wote mnasema hivyo."

Watu wakacheka. Mtaani mkamwita Mwizi wa Sukari. Mnajijua, na leo mmekaa mbele.

Mwezi huu alianguka karakanani. Hospitali ya pili ndiyo iliyouliza kama amewahi kupimwa damu kuona mwili wenyewe unatengeneza kiasi gani cha insulini, ile inayoshusha sukari. Hajawahi! Walimtoa damu, wakamtundikia insulini, lakini alikuwa ameshachelewa. Alifariki tarehe 17 Mei 2024. Majibu yalikuja baada yake: insulini yake mwenyewe karibu hakuna. Vile vidonge vilikuwa vinakamua ng'ombe aliyekauka. Alihitaji sindano za insulini tangu mwanzo. Hakudanganya!

Ameacha mke, watoto wawili, mimi mama yake, na kaka yake, aliyekonda vilevile na anayemeza vidonge vilevile, kwa daktari yuleyule.

Huyo kaka yake nampeleka kwa daktari huyo Jumatatu. Nitakaa kwenye kochi la kijani na sinyanyuki mpaka apimwe damu hiyo. Wanifukuze wakiweza. Kochi lile halichoshi, mwanangu alilijaza vizuri.

Pumzika, baba. Mimi bado.